Nauza smoki, na baba alikufa kwa saratani ya utumbo. Nimwamini nani?

Hujambo mama mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, nina mke na watoto watatu, tunaishi Pipeline, Embakasi. Kwa miaka kumi na mmoja nimeuza smoki pasua, zile soseji fupi zinazopasuliwa na kujazwa kachumbari, na mayai boilo karibu na steji. Toroli yangu ndiyo imelipa karo ya kifungua mimba wangu hadi amefika kidato cha tatu, kwa hivyo ninachokuandikia si jambo la kuchezea.

Baba yangu alifariki Agosti 2019 kwa saratani ya utumbo mpana. Alikuwa na miaka 58, na ugonjwa ulijulikana akiwa na 57. Mwezi uliotangulia nchi nzima ilikuwa ikilia: Bob Collymore wa Safaricom, kisha mbunge Ken Okoth, kisha Gavana Joyce Laboso wa Bomet, wote Julai hiyo hiyo, wote saratani. Nakumbuka nimeketi kando ya kitanda cha mzee, redio ya mgonjwa wa pili ikizungumzia kifo cha Okoth, na mzee akaniashiria kwa kidole nikaombe izimwe.

Kilichoniuma zaidi nilikiona baada ya mazishi. Tulipogawana nguo zake, mimi nilipata mkanda wake wa ngozi. Ulikuwa na matundu matatu mapya, hayakulingana, yametobolewa kwa msumari wa moto. Mama alisema hajui yalitobolewa lini. Kumbe mzee alikuwa akikonda, anakaza mkanda, anaenda kazini Industrial Area, na hakumwambia mtu. Alipokubali kwenda hospitali, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini. Hata huko tulipigwa danadana: leo dawa hazipo, kesho daktari hayupo, rudini wiki ijayo.

Siku tuliyokwenda kuchukua mwili, daktari mmoja kijana alinivuta kando pale verandani. Akasema kwa kuwa mzee ameugua kabla ya kufika miaka 60, sisi watoto wake tukifika 40 tunapaswa kuchunguzwa utumbo kwa kamera, ile wanaita kolonoskopi. Tumezaliwa wanne. Nikamwambia asante daktari. Wakati huo 40 ilikuwa bado mbali. Sasa nimeipita na sijaenda.

Pesa ni sababu moja. Niliulizia mahali, wakaniambia elfu thelathini na mbili. Lakini sababu iliyonifanya nikuandikie ni kwamba siamini tena haya mambo ya utafiti. Mwaka huu kahawa inaleta saratani, mwaka ujao inakinga. Babu mzaa mama alivuta kiko maisha yake yote akafa na miaka 91, tena kwa kuanguka. Nimesoma kwenye simu kwamba kampuni za sukari ziliwahi kuwalipa maprofesa wa Marekani waandike yanayowafaa. Kama profesa ananunulika, huyu wa kamera ananiuzia nini?

Halafu Desemba mpwa wangu anayesomea uuguzi alikuja kututembelea, akasema mbele ya mke wangu kwamba Shirika la Afya Duniani limeweka soseji na smoki kundi moja na sigara. Kundi moja! Tangu siku hiyo mke wangu hazigusi na watoto amewakataza. Mimi zinazobaki jioni bado nazila, nne au tano, kwa sababu kuzitupa siwezi na kuzilaza nikauze kesho sitaki. Lakini nikimpasulia kijana wa bodaboda smoki yake, nikamjazia kachumbari, moyo unaniuliza namlisha nini mtoto wa watu.

Usiku ndio mbaya. Naamka saa tisa nahesabu: 57 toa 43, zinabaki 14. Wa kwanza atakuwa na 31, wa mwisho 20. Nasikiliza tumbo langu. Likinguruma nasema, ndiyo hiyo imeanza. Basi nashika simu nasoma mpaka saa kumi na moja, wakati wa kutoka. Jirani alinitumia sauti kwenye WhatsApp ya mtu anayeuza dawa ya kusafisha utumbo, shilingi 3,500 chupa, na ushuhuda wa watu chungu nzima. Nilinunua. Iko chini ya kitanda, sijaifungua, na mke wangu hajui.

Kila mtu ana siku yake, hilo nalijua. Lakini sitaki kufa kijinga, na kutishwa kijinga pia sitaki. Niache biashara? Niende kwenye kamera? Au niishi tu?

Baba Watatu, Pipeline

*

Baba Watatu, mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimekwama kwenye yale matundu matatu. Pole sana. Kufiwa na mzazi ni jambo moja. Kugundua baadaye kwamba aliumia peke yake huku mkiketi meza moja ni jambo jingine kabisa, na sioni kama kuna mtu amekupa pole kwa hilo la pili. Mimi ni mshauri nasaha, si daktari, kwa hivyo ya mwili wako utayamalizia kwa daktari. Ila nimekaa na familia nyingi zilizopitia ulikopitia, na kuna mambo ningependa tuyatazame pamoja.

Kwa ninavyokuelewa, kuna watu wawili waliokuambia neno: daktari pale verandani, na mpwa wako pale sebuleni. Maneno yao umeyatia kikapu kimoja kilichoandikwa "watafiti wamesema". Na kwa sababu kikapu kimekuchosha, unataka kukitupa chote. Mimi naona maneno hayo hayana uzito sawa hata kidogo.

Nianze na la mpwa wako, kwa sababu ndilo linalokunyima raha kazini. Alichosema ni kweli, ila hakikumalizika. Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliweka nyama zilizosindikwa, kama soseji na smoki, katika kundi la kwanza, ambamo sigara pia imo. Lakini makundi yale hayapimi ukubwa wa hatari. Yanapima uhakika wa ushahidi. Ni kama kusema tuna hakika bodaboda huua na tuna hakika vita huua; hakika ni ile ile, makaburi hayalingani. Mwaka huo huo shirika lilieleza kwamba ulaji mwingi wa nyama zilizosindikwa ulikadiriwa kuhusika na vifo vya saratani kama 34,000 kwa mwaka duniani kote, wakati tumbaku peke yake ilihusika na takriban milioni moja, na pombe laki sita.

Na ile asilimia 18 ambayo huenda umeisoma usiku? Walisema kila gramu 50 za nyama hizo zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Tuchukue Marekani, ambako ugonjwa huu umezoeleka kuliko hapa kwetu: kati ya watu 100, takriban 4 huupata maishani. Ongeza asilimia 18 juu ya hao wanne, hawafiki hata watano. Si kwamba hakuna kitu, kwani huyo anayeongezeka ni mtu na ana watoto. Lakini kijana wa bodaboda anayekula smoki moja Jumamosi hujamtilia sumu, na ungeweza kumtazama machoni.

Mteja anayenitia wasiwasi ni mwingine. Pakiti ya kilo unayoifungua asubuhi ina smoki ishirini na kitu, kwa hivyo moja ina karibu gramu 50. Nne au tano kila jioni, miaka kumi na mmoja, ni nyingi mno. Katika barua nzima umelitaja hilo kwa kupita tu, kama jambo la kutotupa chakula. Naelewa, hakuna anayelelewa Pipeline akajua kutupa chakula. Lakini je, kupunguza unazotoa kwenye jokofu asubuhi si njia mojawapo? Au kuongeza mayai, viazi vitamu na nduma kwenye toroli, uone steji itasemaje kabla hujagusa biashara yenyewe? Kuiacha ghafla kuna hatari yake pia. Nyumba isiyo na karo wala kodi huugua kwa namna yake, na hilo nalo uliweke kwenye mizani na mke wako, si peke yako saa tisa ya usiku.

Sasa shaka yako. Sitakuambia uiache, kwa maana sehemu yake ina msingi. Habari ya sukari ni ya kweli: miaka ya 1960 chama cha wenye viwanda vya sukari Marekani kiliwalipa watafiti wa Harvard, nao wakaandika makala yaliyoelekeza lawama ya magonjwa ya moyo kwenye mafuta na kuipunguzia sukari. Ila jiulize wewe ulijuaje. Ulijua kwa sababu watafiti wengine walipekua barua za zamani wakazichapisha mwaka 2016. Kwenye kahawa vilevile. Mwaka 1991 shirika lile la Lyon liliiweka kwenye orodha ya vinavyoweza kuleta saratani ya kibofu. 2016, baada ya ushahidi kuongezeka, likaitoa. Mara hiyo hiyo likaonya kwamba kinywaji cha moto kupita nyuzijoto 65 huenda kinachangia saratani ya umio, jambo linalotuhusu sana sisi wa chai ya kuunguza ulimi. Wewe umeona kigeugeu. Mimi naona mtu aliyerudi kusema, nilikosea pale. Nakuuliza bila kukusuta: yule mwenye sauti ya WhatsApp amewahi kurudi kusema alikosea wapi?

Hata uchovu wako una ushahidi. Mwaka 2013 watafiti wawili walichukua viungo 50 vya kawaida kutoka kitabu cha mapishi wakatafuta ni vingapi vimewahi kuandikwa kwenye utafiti wa saratani, kwa ubaya au kwa wema. Wakakuta 40, na mara nyingi uhusiano ulikuwa hafifu. Kwa hivyo ukisikia kila wiki chakula kipya kinaua, una haki ya kusubiri.

Lakini kuna mambo ambayo hayakubadilika wiki iliyofuata. Mwaka 1950 Waingereza wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliandika kwamba sigara inahusiana na saratani ya mapafu. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, na matokeo yake yalimfanya aache. Mwaka uliofuata wakaanza kufuatilia madaktari, wanaume zaidi ya 34,000, na ufuatiliaji ukaendelea nusu karne. Wavutaji, kwa wastani, walikufa miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Kwa wastani, mwanangu. Miongoni mwao walikuwepo wazee kama babu yako, waliofika 90 na moshi wao, na kila mmoja ana mjukuu anayemsimulia. Waliokufa na 60 hawasimuliwi sana, maana wengi hawakuwahi kuwaona wajukuu.

Basi turudi verandani. Daktari yule hakukuambia habari ya chakula. Alikuambia habari ya damu yako. Mtu ambaye mzazi wake ameugua saratani ya utumbo mpana, hatari yake ni karibu mara mbili ya mtu mwingine, na mzazi akiugua kabla ya 60 jambo hilo huzingatiwa zaidi. Ndiyo maana umri wa 40 hutajwa kwa watu kama ninyi. Maradufu ya namba ndogo bado ni ndogo: watoto wengi wa wagonjwa hawaupati kamwe. Sikuambii hivyo ili usiende. Nakuambia kwa sababu saa tisa ya usiku umefanya hesabu ya kutoa, kana kwamba 57 ya mzee ni yako. Nimeona wengi waliofiwa na baba wakifanya hesabu hiyo hiyo, wanautazama umri ule kama ukuta. Huzuni ndiyo inayohesabu hapo.

Kamera yenyewe si kama vipimo vingi. Saratani hii mara nyingi huanza kama kijinyama kidogo ndani ya utumbo, ambacho huchukua miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi, kabla ya kugeuka. Anayechungulia akikiona, hukikata hapo hapo. Kwa hivyo unaweza kwenda huna saratani na ukatoka umeondolewa ambayo ingekuja. Ubaya wake upo: dawa ya kusafisha tumbo wanayokupa hospitalini usiku wa kuamkia kipimo inachosha, na mara chache sana utumbo hutoka damu au kutoboka. Muulize daktari hayo waziwazi, muulize pia amefanya ngapi. Shaka yako ipeleke huko, kwa mtu anayeweza kukujibu.

Elfu thelathini na mbili ni pesa nyingi kwa mwenye toroli, nami sitajifanya sioni. Ulizia bei katika hospitali za umma, na uulize SHA, bima ya afya ya serikali, watachangia nini kabla hujalipa popote. Kuna pia kipimo cha kinyesi kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, bei yake iko chini kwa mbali. Kwa mtu mwenye historia kama yako hakichukui nafasi ya kamera, na kikitoka safi hakikumalizii safari, ila baadhi ya watu hukitumia kama hatua ya kwanza huku wakijichanga.

Unaweza pia kuamua kutokwenda. Ni mwili wako. Lakini ningependa uamue ukijua unachokiacha. Umemtaja Ken Okoth. Mapema mwaka 2019 aliwaambia Wakenya mwenyewe kwamba ana saratani ya utumbo mpana na imefika hatua ya nne. Watu wengi walisema: ikiwa mbunge aliyetibiwa hadi Ufaransa hakupona, sisi ni nani? Hapo kilichoamua zaidi kilikuwa hatua ya ugonjwa, si ukubwa wa mfuko. Kwa takwimu za Marekani, ikigunduliwa ingali ndani ya utumbo, takriban watu 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikishasambaa, ni chini ya 2 kati ya 10. Baba yako alifika na ini limeshashikwa. Najua unafikiria jinsi hospitali ilivyowazungusha, na mna haki ya kukasirika. Lakini hasira hiyo isigeuke kuwa sababu ya wewe nawe kuchelewa.

Hukuniandikia kama una dalili. Ukiona damu chooni, tumbo likibadilika mazoea yake kwa wiki kadhaa, au ukijikuta nawe unatafuta msumari wa kutoboa mkanda, hapo usingoje kujichanga wala kujadiliana. Nenda wiki hiyo hiyo.

Kuhusu chupa iliyo chini ya kitanda: uliilipia 3,500 na hukuifungua. Nadhani ile shaka yako nzuri ilikuwa kazini hapo, ukakosa tu wa kumwambia. Mwambie mke wako. Hatakucheka. Mwanamke aliyeacha smoki siku moja kwa sababu ya neno la mpwa wako anaogopa kama wewe, naye pia anaogopa peke yake, kitanda kile kile. Na kama usiku utaendelea kuwa mrefu, Nairobi Hospice pale kwenye uwanja wa Hospitali ya Kenyatta wamekuwa wakiwahudumia wagonjwa na familia tangu 1990. Mfiwa wa miaka hii yote si mgeni kwao.

Nina swali moja limebaki. Umesema mmezaliwa wanne, na kwamba daktari alikuvuta wewe kando. Baada ya hapo ndugu zako hawatajwi tena katika barua. Je, wanajua alichosema? Labda mmoja ameshafika 40, labda mwingine anaona damu na anadhani ni bawasiri. Wewe unaweza kuchagua usiamini, lakini wao hawajapewa hata nafasi ya kuamua kama wataamini au la. Mzee alikaza mkanda asiwatishe. Sitaki kukuwekea maneno kinywani, ila kabla ya kamera, kabla ya toroli, ningeanza na simu tatu. Piga jioni ukishafunga kazi, mwambie kila mmoja alichokuambia daktari, neno kwa neno kama unavyolikumbuka, halafu niandikie tena unieleze walisemaje.